Nina digrii ya ualimu wa sayansi, nataka kuwa mtafiti wa seli za mimea: nianzie wapi nikiwa Iringa?

Mche_wa_Gangilonga aliuliza:

Habari zenu wakuu. Nimemaliza Shahada ya Ualimu katika Sayansi, masomo ya kufundishia Biolojia na Kemia, GPA 3.9. Niko Iringa mjini. Lengo langu ni PhD, kisha kufundisha na kutafiti chuo kikuu upande wa seli za mimea: ukuta wa seli unavyojengwa, seli inavyogawanyika, inavyokabili baridi na vidonda.

Naomba msaada kwa haya. Je, digrii ya ualimu inaniruhusu kusoma masta ya Botania? Ngazi za kazi chuoni zikoje na zinadai nini? Kuna utafiti wa seli wa maana unaoweza kufanyika huku Nyanda za Juu Kusini bila hadubini ya elektroni, au lazima nihame? Na wanaosema nianze na kuzalisha miche kwenye chupa, wako sahihi?

---

Mhadhiri_Mlima alijibu:

Karibu, mdogo wangu. Nianze na GPA kwa sababu wengi huanza kuihesabu wakati hakuna tena cha kurekebisha.

Vyuo vikuu vya umma vinapotangaza nafasi ya mkufunzi msaidizi, huyu tunayemwita TA, hudai GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza. Mhadhiri msaidizi hudaiwa 4.0 kwenye masta, na ile 3.8 ya shahada ya kwanza bado inatazamwa. Kwa 3.9 umevuka mstari wa kwanza. Hatari yako sasa ni masta. Kuingia masta ni rahisi zaidi kuliko kutoka nayo ikiwa na 4.0, na anayesoma huku anafundisha vipindi 28 kwa wiki hupata 3.6 au 3.7, halafu mlango wa ajira ya chuo unakuwa mgumu hata akiwa mtafiti mzuri. Ukiweza kupata likizo ya masomo, chukua. Soma pia kila tangazo la ajira neno kwa neno, kwa sababu masharti hurekebishwa.

Masta ya kozi na tasnifu huchukua miezi 18 hadi 24. Ipo pia ya tasnifu tupu. Kwa mtu anayependa maabara hiyo ya pili inavutia, lakini uliza mapema, kwa maandishi, kama chuo husika kinatoa GPA kwa aina hiyo. Ukikuta hakitoi, chagua ya kozi na tasnifu, usije ukajieleza kila unapoomba kazi.

Baada ya PhD unakuwa mhadhiri. Kutoka hapo unapanda kuwa mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa. Kila ngazi inapimwa kwa machapisho, ufundishaji na huduma, na kwa kawaida unakaa angalau miaka mitatu kabla ya kuomba inayofuata. Kwenye machapisho kinachotazamwa ni jarida limepitiwa na wataalamu wenzako au la, na wewe ni mwandishi wa ngapi. Makala tatu ambazo jina lako ni la kwanza zina nguvu kuliko kumi ambazo jina lako ni la sita.

Kuhusu digrii ya ualimu: yenyewe si kizuizi. Idara inafungua transkripti na kutafuta kozi. Wanataka kuona anatomia ya mimea, fiziolojia ya mimea, jenetiki, baiokemia, na ikiwezekana baiolojia ya seli na ya molekuli. Ukiwa na nne kati ya hizo zenye A au B+, omba bila wasiwasi. Pengo likiwepo unaweza kuambiwa usome kozi za nyongeza za shahada ya kwanza, na usione kama umedharauliwa. Anatomia ya mimea hasa usiikwepe. Mtu asiyeweza kutofautisha kambiamu (tabaka la seli zinazogawanyika) na floemu (mirija inayosafirisha chakula cha mmea) kwenye slaidi atahangaika hata akiwa na mashine ya bei gani.

Vyuo: UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) wana Idara ya Botania na Idara ya Biolojia ya Molekuli na Bioteknolojia. SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro wana nguvu upande wa mazao. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, masta na PhD tu. Usajili wako ukiwa Dar au Morogoro haimaanishi sampuli ziwe za huko. TARI Uyole, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, iko Mbeya, na msimamizi wa pili kutoka kituo cha utafiti anakubalika na vyuo vingi. Mpangilio huo ndio ninaoupenda kuliko yote kwa mtu wa Nyanda za Juu: digrii chuoni, swali shambani kwenu.

---

Chupa_na_Agari alijibu:

Kuhusu miche ya chupa, jibu langu ni ndiyo, anza nayo, kwa sababu inakufundisha usafi, na bila usafi hakuna baiolojia ya seli. Viazi mviringo ndio mmea wa kujifunzia. Vinavumilia makosa, na Njombe hadi Mbeya kila mtu anavijua.

Kwa lita moja ya chakula cha miche: chumvi na vitamini za Murashige na Skoog (fomula yao ya 1962, pakiti zinakuja zimepimwa kwa lita), sukari gramu 30, agari (unga wa kugandisha chakula hicho) gramu 7 hadi 8. Rekebisha pH iwe 5.7 au 5.8 kabla ya kuweka agari. Ikishuka chini ya 5 agari haigandi vizuri, unabaki na uji. Ikipanda juu ya 6 agari inakuwa ngumu na baadhi ya chumvi, hasa chuma na fosfeti, zinaanza kutuama chini. Kwa viazi vinavyokuzwa kutoka vifundo vya shina huhitaji homoni. Gawa mililita 20 kwa kila chupa ndipo utie kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa presha kinachoua vijidudu.

Na hapa kuna jambo ambalo vitabu havikuambii kwa sababu viliandikwa na watu wa tambarare. Saa ya presha ya otoklevu inasoma tofauti kati ya ndani na hewa ya nje. Paundi 15 kwa inchi ya mraba zinatoa nyuzi 121 ukiwa usawa wa bahari. Mbeya mjini, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, na paundi hizo hizo 15 zinakupa kama nyuzi 118 tu. Nyuzi tatu zinaonekana ndogo, lakini uwezo wa kuua mbegu za bakteria unapungua karibu nusu. Ndiyo maana watu wanafuata dakika 15 za kitabu, siku ya nne chupa zinachafuka, wanamlaumu aliyekata miche. Ukiwa na otoklevu inayoruhusu, panda hadi paundi 18. Isiporuhusu, baki 15 na ongeza muda hadi dakika 30. Usizidishe sana, sukari inaungua na agari inalegea. Kabla ya kufunga valvu acha mvuke utoke mfululizo dakika 7 hadi 10, kwa sababu hewa ikibaki ndani saa itasoma presha sahihi huku joto likiwa chini.

Kusafisha vipande: chukua machipukizi ya mmea uliokua ndani ya banda, si shambani wakati wa masika, maana tope la mvua linapanda na bakteria hadi kwenye makwapa ya majani. Osha kwa maji yanayotiririka dakika 20. Ethanoli ya asilimia 70 kwa sekunde 30, isizidi. Kisha Jik: kama lebo inasema hipokloraiti asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja na viwili vya maji, weka tone la sabuni ya maji, dakika 10. Suuza mara nne kwa maji yaliyopita kwenye otoklevu. Kata ncha zilizopauka. Na Jik isikutane kamwe na asidi kwenye sinki moja, inatoa gesi ya klorini.

Kusoma uchafu: ukungu unaoanzia popote juu ya agari umetoka hewani au mikononi. Ukungu unaoanzia kwenye kipande chenyewe maana yake kipande hakikusafishwa vya kutosha. Wingu jeupe kama maziwa linalozunguka kitako cha kipande siku ya pili hadi ya tano ni bakteria waliokuwa ndani ya mmea, na kuongeza Jik hakutasaidia, badilisha mmea mama. Andika kwenye daftari uchafu ulianzia wapi, usiandike tu "imechafuka".

Mwanga saa 16 kwa siku, joto nyuzi 20 hadi 24. Juni na Julai chumba cha Mbeya kikiachwa bila kupashwa kinashuka chini sana usiku, miche inasimama. Kila wiki nne unakata vifundo upya.

---

Ukuta_wa_Seli alijibu:

Namheshimu mchangiaji aliyetangulia, na lile la mwinuko na presha kila maabara ya kusini ilibandike ukutani. Lakini nitofautiane naye kidogo. Kuzalisha miche ni ufundi. Mtu anaweza kuzalisha chupa elfu kumi na bado asiwe na swali lolote kuhusu seli. Kamati ya masta itakuuliza: unataka kujua nini ambacho hakijulikani? "Nataka kuzalisha miche mingi" si jibu. Jifunze chupa kwa miezi michache, halafu zikutumikie.

Tazama alivyofanya Katherine Esau. Mtaalamu huyu wa anatomia ya mimea alizaliwa 1898 katika nchi ambayo leo ni Ukraine, akapitia Ujerumani, akafika Marekani 1922, na California akafanya kazi kwenye mashamba ya viazisukari, mizizi inayotengenezewa sukari, akitafuta aina zinazostahimili ugonjwa wa kirusi unaokunja majani. Tatizo la shamba likamtuma kwenye floemu, kwa sababu kirusi kile kinaishi humo. PhD alipata 1931. Floemu ikawa kazi ya maisha yake yote. Mwaka 1963, akiwa na miaka 65, alihamia Santa Barbara akaendelea na hadubini ya elektroni, na 1989 akapewa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Hakuanza na mashine. Alianza na mmea mgonjwa na wembe.

Maswali matatu yaliyoko kwenye milima yetu, nikiyapanga kwa jinsi ninavyoyathamini.

La kwanza ni kidonda cha kiazi. Jembe likikata kiazi, seli za juu zinajaza kuta zao suberini, kitu chenye asili ya mafuta kinachozuia maji kutoka na vimelea kuingia. Hiyo ni hatua ya siku za mwanzo, na inafanywa na seli zilizokuwepo tayari. Baadaye chini yake seli zinaanza kugawanyika na kujenga ngozi mpya, tabaka juu ya tabaka. Hatua zote mbili zinategemea joto. Karibu na nyuzi 20 kazi inakwenda upesi, nyuzi 10 inajikokota, nyuzi 5 karibu inasimama. Sasa fikiria ghala la Njombe au Makete mwezi wa Julai. Mkulima anavuna, anajaza ghala usiku huo huo wa baridi, kidonda hakifungi, na kuoza kunaanza. Aina zetu wenyewe, Kikondo kwa mfano, zinafunga kidonda kwa siku ngapi kwenye joto la ghala halisi? Hilo ni swali la seli, linapimika kwa hadubini ya kawaida, na jibu lake mkulima analihitaji.

La pili ni mbegu za okidi. Hifadhi ya Kitulo ina aina 45 za okidi za ardhini, na viazi vya baadhi yake, vya jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, huchimbwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinacholiwa sana Zambia. Mbegu ya okidi haina endospermu (akiba ya chakula ya mbegu), ni kiinitete cha seli chache ndani ya ganda jepesi kama vumbi, na porini haioti bila kuvu wa kuilisha. Kwenye agari yenye sukari unaweza kuchukua nafasi ya huyo kuvu na kutazama seli zikiamka. Ni swali zuri sana, lakini lina vibali vyake: Kitulo ni hifadhi ya taifa, na okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Anza taratibu za kibali miezi mingi kabla ya msimu wa maua, ukikosa matunda ya mwaka huu unasubiri mwakani. (Robert Brown alipotangaza kiini cha seli mwaka 1831 alikuwa akichunguza okidi. Wapenzi wa okidi mna haki ya kujivunia.)

La tatu, pareto, ua linalolimwa kwa dawa ya wadudu. Sumu yake ya kuua wadudu inakusanyika zaidi kwenye vitunda vidogo vya katikati ya ua, si kwenye petali nyeupe. Tezi ziko juu ya vitunda hivyo na zinaonekana kwa hadubini ya shule. Idadi ya tezi kwa kitunda, kwa umri wa ua, kwa mwinuko wa shamba: hapo kuna tasnifu ya masta.

---

Mche_wa_Gangilonga:

Asanteni sana, mmenifungua macho. La kidonda cha kiazi limenishika. Nilicho nacho sasa ni hadubini ya shule yenye lenzi ya 4, 10, na 40, wembe, na simu. Naweza kupata data ya awali ya kuweka kwenye andiko la masta? Na kosa kubwa la waanzaji ni lipi?

---

Wembe_Mkali alijibu:

Dada, unaweza, na kwa vitu hivyo hivyo. Nitaeleza jinsi ya kufanya na pale panapoharibika.

Chukua viazi vya aina moja, umri mmoja, vilivyovunwa siku moja, kila kiazi kikitoka kwenye shina tofauti. Osha, paka spiriti, kata kipande kama sentimita mbili kwa kila upande kutoka katikati ya kiazi kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto na kupoa. Suuza uso wa kidonda kwa maji safi mara moja, kisha kausha kwa kugusa tu na karatasi. Wanga uliomwagika ukibaki juu unalisha bakteria.

Weka vipande kwenye boksi la plastiki lenye karatasi iliyoloa chini, vipande vikae juu ya wavu, visiguse maji. Unyevu wa hewa uwe karibu na kujaa, lakini uso wa kidonda usiwe na maji. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Hewa ikiwa kavu, seli za juu zinakufa na kufanya gaga la kahawia, na mwanafunzi anaandika "suberini" kumbe ni maiti za seli. Uso ukiloa, oksijeni haipiti, suberini haijengwi, na kuoza laini kunaanza ndani ya siku mbili. Fungua boksi dakika moja kila siku, hewa ibadilike.

Joto: boksi moja chumbani, moja sehemu ya chini ya friji, moja mahali pa katikati ikiwezekana. Nunua kipimajoto kinachohifadhi cha juu kabisa na cha chini kabisa, usiandike "joto la chumba". Joto la chumba la Iringa mwezi wa Julai si la Novemba.

Kata sampuli siku ya 0, 2, 4, 7, 10 na 14. Wembe mpya, ule wa kipande cha plastiki haufai, na unautupa baada ya vipande vitano au sita. Kata kwa pembe mraba na uso wa kidonda, kwa mwendo mmoja wa kuvuta kuja kwako, wembe na kiazi vyote vikiwa vimeloa. Ukisukuma kama msumeno seli zinapasuka. Ukikata kimshazari, tabaka mbili zitaonekana nne, na kosa hili halionekani kwenye picha hata kidogo. Lijue kwa kutazama seli za ndani: zikionekana zimerefuka zote upande mmoja, tupa kipande hicho. Kata ishirini, chagua vitatu vyembamba kabisa. Seli za nyama ya kiazi ni kubwa, nyingi zina kipenyo cha maikromita 100 hadi 200, kwa hiyo hata kipande cha maikromita 50 kinasomeka.

Suuza vipande kwenye maji hadi wanga mwingi utoke, la sivyo utaona chembe za wanga tu. Rangi: Sudani IV iliyoyeyushwa kwenye ethanoli ya asilimia 70 na kuchujwa, dakika 15 hadi 20, suuza haraka kwa ethanoli ya asilimia 50, funika kwa gliserini. Suberini inakuwa nyekundu ya machungwa. Weka daima kipande cha siku ya 0 kama kilinganishi, na kipande chenye ganda asili la kiazi kama uthibitisho kwamba rangi inafanya kazi. Ganda lisipokuwa jekundu, tatizo ni rangi yako, si kidonda. Kwa seli mpya zinazogawanyika tumia toluidini bluu ya asilimia 0.05 kwa dakika moja: utaona kuta nyembamba mpya zikipita katikati ya seli kubwa za zamani, sambamba na uso wa kidonda.

Vipimo: lazima ukalibrishe. Azima slaidi ya kipimo yenye milimita moja iliyogawanywa mara 100, kila mgawo maikromita 10. Ukitumia rula ya kwenye jicho la hadubini na lenzi ya 40, kama migawo 100 ya jicho inalingana na 25 ya slaidi, kila mgawo wako ni maikromita 2.5. Rudia kwa kila lenzi. Ukipiga picha kwa simu, piga na ile slaidi ya kipimo kwa lenzi ile ile na bila kugusa kukuza kwa simu. Simu nyingi hujikuzia zenyewe, kwa hiyo funga mpangilio huo. Picha isiyo na mstari wa kipimo haitakubaliwa na jarida lolote la maana.

Sasa kosa kubwa uliloulizia. Tuseme una viazi 6 kwa kila joto, vipande 3 kwa kiazi, na unahesabu tabaka zenye suberini sehemu 10 kwa kila kipande. Una namba 180. Mwanzaji anaandika kwamba sampuli zake ni 180, takwimu zinatoka nzuri ajabu. Si kweli. Sampuli zako ni 6. Sehemu kumi za kipande kimoja ni ndugu wa tumbo moja, zinafanana kwa sababu zimetoka kiazi kimoja. Tafuta wastani wa kila kiazi, kisha linganisha wastani sita na sita. Makala nyingi za seli hurudishwa kwa kosa hili, na anayelijua kabla ya masta ataonekana amekomaa.

Jingine dogo: anayehesabu asijue kipande kimetoka joto gani. Mwombe mtu abandike namba za siri kwenye slaidi.

---

Bahasha_ya_Ufadhili alijibu:

Nizungumzie kutoka nje, maana baadaye utafika unapohitaji hadubini ya konfoko (inayotumia leza kupiga picha tabaka kwa tabaka) au ya elektroni.

Njia za nchi hazifanani. Marekani unaweza kuingia PhD moja kwa moja na shahada ya kwanza, miaka 5 hadi 6, ada na posho vikilipwa kwa kusaidia kufundisha au kutafiti. Ujerumani wanataka masta kwanza, na nafasi nyingi za PhD hutangazwa kama ajira yenye mkataba. Uingereza ufadhili huwa wa miaka 3 hadi 4, na kuna udhamini wa Jumuiya ya Madola kwa watu wa nchi kama yetu. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wanafadhili pia masomo ndani ya Afrika, kwa hiyo usidhani ufadhili maana yake ni ndege. Ukirudi na shahada ya nje, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wanaitambua kwanza kabla chuo hakijakuajiri. Hifadhi transkripti na vyeti vyote halisi kwa ajili hiyo.

Barua pepe kwa msimamizi: maneno 200 yanatosha. Aya ya kwanza swali lako. Ya pili ulichokwisha fanya, na picha moja ya kipande cha kiazi yenye mstari wa kipimo. Ya tatu, makala yake moja uliyoisoma na jambo mahususi ndani yake linalogusa swali lako. Usimwandikie "Ndugu Profesa, naomba nafasi yoyote." Wanapokea hizo kila siku na hawajibu. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha endelea kwa mwingine.

Makala za kulipia zinapatikana bure kupitia Research4Life ukiwa umeunganishwa na maktaba ya chuo kilichojisajili. Kwa kuchapisha, data hii ya kiazi ikikamilika inafaa jarida la nchini kama Tanzania Journal of Science. Jarida linaloahidi kukubali makala ndani ya siku tatu na kudai malipo kwanza, likimbie. Likishakaa kwenye wasifu wako haliondoki, na kamati ya kupandisha vyeo italihesabu sifuri.

---

Mche_wa_Gangilonga:

Swali la mwisho. Nikitaka kuhifadhi vipande vya sasa ili baadaye vikatazamwe kwenye hadubini kubwa zaidi, nitumie nini?

---

Wembe_Mkali alijibu:

Inategemea hadubini ipi. Kwa hadubini ya mwanga, FAA: mililita 90 za ethanoli ya asilimia 70, 5 za asidi asetiki kali, 5 za formalini. Ujazo wa dawa uwe angalau mara 10 ya ujazo wa kipande, saa 24 au zaidi, kisha hamishia ethanoli ya asilimia 70 na vitakaa miaka. Lakini elewa kwamba ethanoli inaondoa baadhi ya mafuta na inavunja utando wa seli. Kuta zitabaki, vilivyomo ndani vitaharibika.

Kwa hadubini ya elektroni FAA haifai kabisa. Huko ni glutaraldehidi asilimia 2.5 kwenye bafa ya fosfeti 0.1 M, pH 7.2, kipande kisizidi milimita moja kwa upande mmoja kwa sababu dawa inapenya polepole. Ikizidi hapo katikati itaoza kabla dawa haijafika. Sampuli za namna hii zikikaa miezi zinapungua ubora, kwa hiyo usizitengeneze mpaka ujue maabara itakayozipokea na tarehe.

Formalini na glutaraldehidi ni sumu ya macho na mapafu, na formalini inasababisha saratani. Glavu, miwani, dirisha wazi au kabati la kuvuta hewa, na kamwe isiwe jikoni nyumbani. Omba Chuo cha Mkwawa hapo Iringa au shule yenye maabara ya kemia. Andika kila chupa kwa penseli kwenye karatasi unayoitumbukiza ndani: aina ya kiazi, joto, siku, namba ya kiazi. Wino wa kalamu unayeyuka kwenye ethanoli. Na ukitaka kupeleka viazi vibichi nje ya nchi utahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) pamoja na mkataba wa kuhamisha sampuli uliosainiwa na taasisi zote mbili. Uanze huo mapema, sahihi zake huchelewa kuliko majaribio yenyewe.